Kushoto kwa Mlingoti

Gari lilikuwa limeshawashwa na dereva ameshatia gia, mjukuu wangu akatoa kichwa dirishani.

“Babu, sogea.”

Nikasogea. Alikuwa amejikunja kwenye kile kiti kama mwavuli, magoti karibu yamguse kidevu. Hakuna gari lililotengenezwa kwa mtu wa urefu ule. Ndiyo maana chuoni walimwita Mlingoti.

“Apa,” akaninong'oneza.

“Nimeshaapa jana.”

“Apa tena. Dereva hasikii.”

Nikaapa. Akacheka, akanivuta ndevu kama alivyozoea tangu mdogo.

“Haya, mchumba wangu. Usilale na njaa kwa uvivu wa kupika.”

“Na wewe ukikuta vijana huko, waambie umeshaposwa na mzee mkali.”

Gari likaondoka. Nikabaki langoni nimeshika viatu vyake vya zamani, maana huko aendako walimwahidi vipya.

Kwa mliokosa gazeti la wiki jana, nitarudia kwa kifupi. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimevunja kokoto, nimeziba pancha, nimesukuma vitanda vya wagonjwa, nimelala katika miji ambayo hata majina yake nimeyasahau. Shule niliisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa pale, kama mtu anayeokota kuni njiani. Binti yangu wa pekee alipofariki akaniachia mtoto wa kike, nami nikatua mzigo. Nikapata kazi ya kutunza stoo ya michezo katika chuo kimoja. Mtoto akakulia uani kwangu, nyuma ya ukumbi wa mpira wa kikapu. Akakua, akakua, akaendelea kukua. Akajiunga na chuo hichohicho, akawa senta, mlinzi wa chini ya kikapu, katika timu ya wasichana.

Wiki jana niliishia pale chuo kikubwa cha mji wa pili kilipomtaka, naye akakubali. Sikuwaambia aliniapisha nini. Leo nasema, kwa kuwa hakuna tena wa kumficha.

Alipokuwa mdogo alishikwa na homa kali, ikaondoka na jicho la kushoto. Ukimtazama, huoni kitu. Jicho zima, jeusi, linang'aa. Lakini haling'amui ila mwanga na kivuli. Siku ya kupimwa afya ili aingie timu, alizisoma herufi za ukutani kwa jicho la kulia, akazikariri. Alipofunikwa la kulia akazitaja zote kama anaimba. Daktari akamsifu. Tulicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa, mtu asiyeona kushoto atazuiaje chini ya kikapu? Sikujua. Nikajifunga jicho langu la kushoto kwa kitambaa nikaenda hivyohivyo, kazini na nyumbani. Nilijigonga milangoni. Nilimimina chai nje ya kikombe. Jirani akaniuliza kama nimepigwa. Lakini nilijifunza jinsi ya kusimama: mguu wa kulia mbele kidogo, kidevu kikielekea kushoto ili jicho la kulia lifagie pande zote, mkono wa kulia juu. Mwili wangu ulizoea kwanza, ndipo nikaufundisha wake.

Hata hivyo palibaki pengo. Katika pengo hilo nikamweka Kisiki.

Kisiki alikuwa msichana mfupi, mpana, ukigongana naye unadhani umegongana na kabati. Nilimwambia mapema kabisa, “Wewe mahali pako ni kushoto kwa Mlingoti. Mtu akija upande huo, piga kelele: kushoto.”

“Kwa nini kushoto, babu?”

“Kwa sababu mimi nimesema.”

Hakuuliza tena. Kocha alidhani ni urafiki wa wasichana wawili. Kisiki alidhani ni mbinu ya kocha. Wakacheza hivyo, mrefu na mfupi, na watu wakawa wanamsifu mrefu.

Alipoondoka mrefu, ndipo tulipojiona tulivyo.

Kocha wetu, mama wa makamo aliyefundisha hesabu, aliingia stoo akaketi juu ya gunia la mipira.

“Mzee wangu, tumekwisha.”

“Mbona mapema?”

“Mpira ukigonga chuma ukarudi, nani ataudaka? Niambie. Mstari wangu wa mbele mzima ukiusimamisha juu ya meza, ndipo unamfikia Mlingoti sikioni.”

“Wataruka.”

“Wataruka wafike wapi? Wenzao wanadaka wamesimama.” Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo. “Mkuu wa chuo ameniita. Ameniuliza kama tunashindana au tunachekesha. Amesema tusipofika fainali, ukumbi unagawanywa kwa mbao, unakuwa madarasa.”

Mechi ya kwanza tulipigwa mpaka nikaona aibu kukusanya chupa za maji. Watazamaji walikuwa wanawapigia kelele wasichana wetu: leteni ngazi. Kisiki alirudi stoo mdomo umevimba, akajibandika barafu.

“Pole, mwanangu. Imekuwaje?”

“Babu, leo nimeona kwapa tu. Mechi nzima, kwapa. Nikigeuka huku, kwapa. Nikigeuka huku, kwapa. Hata kikapu sijui kilikuwa wapi.”

Wenzake wakacheka, na yeye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akainama ghafla, akawa analia.

Wakajikokota hivyo msimu mzima. Mechi hii wameshinda kwa kukimbia, ile wamepona kwa bahati. Wakafika nusu fainali bila kujua wamefikaje. Ratiba ilipotoka, Kocha akaja kuniambia kwa mdomo wake, asiniache nisikie kwa watu.

“Tumepangiwa chuo cha mjukuu wako.”

Nikaendelea kujaza mpira upepo.

“Mzee, wewe ndiye uliyemlea,” akasema polepole. “Lazima unajua alipo na upungufu.”

“Hapendi kuamka asubuhi.”

“Sifanyi mzaha.”

“Wala mimi. Ukipanga mechi alfajiri, umemshinda.”

Akanitazama kitambo. Alikuwa mtu mwenye akili, na alijua kuna kitu nimekibana. Nilijitia hamnazo, nikafunga kidude cha kujazia upepo, nikakitundika msumarini.

“Sikulaumu,” akasema. “Ni damu yako. Mimi mwenyewe ningekaa kimya.” Akafika mlangoni, akageuka. “Basi nisaidie jambo jingine. Una ule ufagio wa kutolea buibui?”

“Upo.”

“Njoo nao mazoezini kesho. Usimame chini ya kikapu uwe Mlingoti. Wazoee kurusha juu ya kitu kirefu. Hilo nalo si siri ya mtu, au vipi?”

Nikaona halina ubaya. Ufagio ni ufagio.

Basi nikawa nasimama pale kila jioni, mzee mzima, nimeinua mti mrefu wenye manyoya kichwani. Wasichana walinifurahia.

“Babu, manyoya yananiwasha.”

“Huyo mrefu kachoka, mpeni kiti.”

“Mlingoti tangu aote mvi, hana adabu.”

Mimi nami nikawa naingia katika mchezo. Nilikuwa nimemkumbuka yule mtoto. Nyumba ilikuwa kimya, sufuria moja, kijiko kimoja. Kusimama pale nikizuia, nikipangua mipira kama alivyokuwa akipangua, kulikuwa kama kukaa naye kidogo. Nilizuia kwa moyo wote. Mwanzoni walikuwa wakirusha, napangua. Wakija kulia, napangua. Baadaye wakaanza kufunga.

“Babu,” Kisiki akaniambia, tukiwa tunakusanya mipira, “unachelewa sana upande huu.”

“Ni uzee, mwanangu. Nyonga imeota kutu.”

“Pole, babu.”

Sikuwaza zaidi ya hapo. Naandika neno hili nikijua hamtaniamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikuwaza.

Siku ya mechi ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi kwenye ngazi. Mlingoti aliingia na timu yake mpya, wote warefu, wamevaa rangi moja, wanatembea kama wenye nyumba. Aliponiona akaacha mstari akaja kunikumbatia. Ilibidi ainame.

“Umekonda,” akasema.

“Umerefuka,” nikamjibu. “Huko wanakumwagilia maji?”

Akacheka, lakini cheko halikufika mbali. Akanisogeza pembeni, karibu na mlango wa stoo.

“Babu, huko hakuna wa kusimama kushoto kwangu. Kila mtu anataka kukaa mbele. Mara mbili nimegongwa sijui nimegongwa na nani.”

“Mwambie kocha wako akupe mtu.”

“Nimpe sababu gani? Nikisema, naondolewa siku hiyohiyo.”

Nikamshika mkono, nikamwambia ageuze kidevu tu, kama siku zote.

Filimbi ikapigwa.

Mpira wa kwanza, Kisiki aliupokea pembeni. Hakurusha. Alizunguka, akapita kushoto kwa Mlingoti, akafunga. Watu wakapiga makofi. Nikasema moyoni ni bahati.

Mpira wa pili alikwenda mwingine, naye akapita palepale.

Wa tatu, palepale.

Nikamtazama mjukuu wangu: mguu wa kulia mbele kidogo, kidevu kushoto, mkono wa kulia juu. Nikajitazama mimi mwenyewe, nimesimama ukingoni mwa uwanja sina hata ufagio. Mguu wa kulia mbele kidogo. Kidevu kushoto.

Kocha akanigonga bega, macho yanang'aa.

“Umetufundisha vizuri, mzee wangu. Hata sikuhitaji kukuuliza.”

Mdomo wangu niliufunga kwa kiapo, nikasahau kuufunga mwili. Nilikuwa nimesimama mbele ya wale watoto siku zote zile, nikiwaonyesha kila pengo la mjukuu wangu, nami nikidhani nashika ufagio.

Walicheza vizuri wale wafupi. Sitawanyima sifa yao. Walikaa chini, wakasukuma kwa nyonga, wakawapotosha warefu mpaka wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Kocha wa upande wa pili alikuwa anamfokea Mlingoti kila anapopita mbele yake.

“Unalala? Wanapita wapi hao? Huoni?”

Alijipangusa jasho akarudi. Nilimwona anageuka huku na huku kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ndipo Kisiki akaupata tena mpira pembeni, akashuka bega, akaja kwa nguvu zake zote upande ule.

Nikashindwa. Ndugu zangu, nilishindwa. Nikapaza sauti ileile niliyompazia uani tangu hajui kufunga kamba za viatu.

“Kushoto.”

Aliisikia. Katika kelele zote zile aliichagua ile moja. Akageuza uso wake wote, mara moja, kwa utii, kama alivyofunzwa. Kisiki alikuwa ameshaondoka chini, kiwiko kiko juu. Kikampata kwenye jicho la kulia.

Alianguka taratibu, kwa kuwa alikuwa mrefu.

Mechi iliendelea baada ya kumtoa. Tulishinda. Sikuuliza kwa pointi ngapi.

Hospitali walimfunga bendeji jicho la kulia. Daktari alikuwa kijana mpole, anaongea huku akinawa mikono. Kocha mpya wa Mlingoti alisimama kwenye dirisha akichezesha funguo za gari mkononi.

“Hili tumelifunga, lisisumbuliwe,” daktari akasema. “Kwa sasa utatumia la kushoto. Shika maji haya, unywe dawa.”

Mkono wa mjukuu wangu ukapita pembeni mwa kikombe. Daktari akakisogeza. Ukapita tena, ukagusa kifungo cha koti lake, ukabaki pale.

“La kushoto liliumia lini?”

Funguo zikaacha kulia.

“Zamani,” nikajibu.

“Nani anajua?”

“Mimi na yeye.”

Kocha mpya alimtazama Mlingoti, akanitazama mimi. Akatoka. Tulimsikia akitembea kwenye korido mpaka mwisho.

Daktari naye alipoondoka, nikampelekea kikombe mdomoni. Akanywa.

“Babu.”

“Naam, mchumba.”

“Nilikusikia.”

“Nisamehe.”

“Ulitaka kunisaidia. Hilo nalijua.” Akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wangu. “Lakini niambie kitu kimoja. Walijuaje? Wote walikuja kushoto, tangu mwanzo. Uliwaambia?”

“Sikusema neno. Kwa kaburi la mama yako.”

Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa jumla yalikuwa uongo.

“Basi,” akasema. “Nimekuamini.”

Nikalia. Sikujificha. Hakukuwa na wa kuniona.

Hapo ningeweza kumweleza. Nilikuwa naitafuta sentensi ya kwanza nilipoona mlango unafunguka. Kisiki, bado amevaa jezi, amebeba viatu mkononi kana kwamba anaingia nyumba ya watu wakubwa. Akaja mpaka kitandani, akapiga magoti.

“Ni mimi,” akasema.

“Najua. Kiwiko chako nakifahamu.”

“Nisamehe, dada.”

“Ulikuwa unacheza. Ningekuwa mimi ningekupitia vilevile.” Mlingoti akampapasa kichwa. “Umekuwa mkali. Nani kakufundisha kupita pale?”

Nilitaka kukohoa. Nilitaka kuangusha kikombe. Sikufanya lolote.

“Mimi nimefuata ufagio tu,” Kisiki akasema huku anafuta kamasi.

“Ufagio gani?”

“Wa babu. Alisimama nao chini ya kikapu, akawa wewe. Na alikuwa wewe kweli, dada, tulicheka mpaka basi. Mguu vile unavyoweka, kidevu vile. Hata ule upande unaochelewa. Nikajua hapo ndipo pa kupita.”

Alisema kwa upendo. Alidhani ananisifia.

Mkono wa Mlingoti ukatoka kwenye kichwa cha Kisiki, ukarudi juu ya shuka, ukatulia. Kisha akageuza uso ukutani, upande wa kushoto.

“Babu,” akasema, “toka nje kidogo.”

Nikatoka.

Yaliyobaki ni machache.

Timu yetu ilifika fainali, ikapigwa. Ukumbi haukugawanywa kwa mbao. Kocha aliomba kurudi kwenye hesabu zake, akakubaliwa. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, hatusimami.

Kisiki hakucheza fainali. Alimaliza masomo, sasa anafundisha shule ya watoto wadogo. Alipojua habari ya lile jicho la kushoto alikuja stoo akaketi juu ya gunia la mipira, akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu siku ya kwanza kwamba alikuwa anasimama pale kuwa jicho la mtu. Akasema angesimama vizuri zaidi.

Chuo kikubwa kilimwondoa Mlingoti kwenye timu, kikamwacha amalizie masomo. Jicho la kulia lilirudi, si lote. Anasoma herufi akizisogeza karibu na pua. Hachezi. Kisiki humtembelea kila likizo, na nimesikia kwamba wakitoka barabarani bado hutembea upande wake wa kushoto.

Mimi niliacha kazi ya stoo. Wakanipa mkono wa kwaheri na blanketi. Nina chumba kimoja, dirisha moja. Sikuzunguka tena, ingawa miguu inanisumbua kutaka, kwa kuwa nikiondoka hatajua pa kunipata.

Tangu siku ile ya hospitali hatujaongea. Nilituma salamu kwa kila mtu aliyekubali kuzibeba. Hazikurudi.

Wiki hii Kisiki amenipigia simu. Anasema Mlingoti anakuja kwangu Jumapili, watakuja wote wawili. Nikamuuliza amesema nini juu yangu. Akasema hakusema kitu, ila ameagiza neno moja: nisiutupe ule ufagio, anataka nisimame nao mbele yake, aone mwenyewe.

Uko nyuma ya mlango. Nimeujaribu leo asubuhi, nikajitahidi kusimama namna nyingine. Sijui namna nyingine.